Mtoto akitafuna mbegu za mbarika: kulinda ini na figo zake

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Risini, sumu ya mbarika, haina dawa ya kuiondoa mwilini, kwa hiyo mtoto anaokolewa na uangalizi.

1. Uliza: alimeza au alitafuna? Mbegu nzima ina ganda gumu na mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Iliyotafunwa ndiyo hatari. Chunguza matapishi na choo: vipande vya ganda lenye madoadoa ya kahawia vinatosha kukupa jibu. (Mafuta ya mbarika ya dukani si tatizo, sumu hubaki kwenye mashudu.)

2. Usimtapishe. Akifika mapema, akiwa macho na hatapiki, mpe mkaa wa dawa, gramu 1 kwa kila kilo. Asiye na dalili akae chini ya uangalizi kwa muda wa saa 12.

3. Rudisha maji. Hapa usichelewe hata kidogo. Kwa aliyekula mbegu, kinachotangulia kuumiza figo mara nyingi ni kuhara na kutapika. Akiwa amekaukiwa sana na ana zaidi ya mwaka mmoja, fuata Mpango C (wa WHO wa kurudisha maji kwa dripu): mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 ndani ya saa mbili na nusu. Pima mkojo kila saa. Lenga mililita 1 kwa kilo.

4. Jua sumu inakoelekea. Risini ina minyororo miwili: mmoja hunasa sukari zilizo juu ya seli, wa pili huingia na kuharibu ribosomu (viwanda vya protini ndani ya seli), na seli haitengenezi tena protini. Risini yenyewe imebeba sukari ya manosi. Seli za Kupffer (seli za ulinzi za ini) na zile zinazotanda mishipa midogo ya ini zina vipokezi vya manosi, ndiyo maana ini huinasa mapema. Figo nazo huchuja protini ndogondogo, kisha seli za mirija yake huzifyonza. Kipande chenye sumu kikipita kwenye chujio, kinaingia humo humo.

5. Pima kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na vimeng'enya vya ini, rudia kila siku. Majibu mazuri ya siku ya kwanza yasikutulize. Ini huweza kuchelewa kuonyesha. Epuka diklofenaki, ibuprofeni na gentamisini.

6. Hakojoi ingawa maji yamemtosha? Punguza dripu, mpe rufaa. Dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine) haiondoi risini, ila hushika kazi ya figo hadi zipone.