Somo: Kutatua mgongano wa anwani za IP na rekodi za majina katika mtandao wa ofisi

Katika ofisi moja niliyokuwa nikiitunzia mtandao, printa ya uhasibu iligoma kila Jumatatu asubuhi. Kwa wiki kadhaa tulizima ruta na kuiwasha, printa ikarudi, tukadhani tumemaliza kazi. Hatukuwa tumetatua chochote, kwa kuwa kila tulipozima ruta tulifuta ushahidi uliokuwa mbele yetu. Kwa hiyo ninaomba anayefuata somo hili asizime kitu hadi amalize hatua ya pili.

Kuna matatizo mawili ambayo dalili zake hufanana. La kwanza ni mashine mbili kutumia anwani moja ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine katika mtandao. La pili ni jina la mashine, katika rekodi za DNS (mfumo unaogeuza majina ya mashine kuwa anwani), kuelekeza kwenye anwani ambayo kwa sasa inatumiwa na mashine nyingine. Katika yote mawili mtumiaji atalalamika kwamba mtandao unakatika, lakini tiba zake hazihusiani.

Hatua ya 1: Tambua tatizo ni lipi. Ukiwa kwenye kompyuta nyingine, fungua dirisha la amri, andika `ping` na jina la mashine yenye shida, kisha uandike kando anwani inayotokea. Halafu nenda kwenye mashine yenyewe na uandike `ipconfig /all`. Kama ni printa, soma anwani kwenye menyu yake. Anwani hizo mbili zisipolingana, kosa liko kwenye majina, nawe uende moja kwa moja hatua ya 4. Zikilingana na mawasiliano bado yanakatika, shuku mgongano wa anwani.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye anwani wa pili. Chomoa waya wa mtandao kwenye mashine ambayo anwani ni haki yake. Kwenye kompyuta nyingine, kwa ruhusa za msimamizi, andika amri hizi kwa mfuatano, ukiweka anwani yako badala ya hii ya mfano:

`arp -d 192.168.1.50`
`ping 192.168.1.50`
`arp -a`

Wengi huishia kwenye `ping`, na wakiona kimya huhitimisha kwamba anwani iko huru. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu kinga ya mtandao iliyomo ndani ya Windows inaweza kukataa kujibu `ping`, ilhali swali la ARP, lile la kuuliza nani mwenye anwani hii, kwa kawaida hujibiwa na kila mashine iliyo hai katika mtandao huohuo wa ndani, maana bila jibu hilo haiwezi kupokea data kutoka kwa jirani zake. Kwa hiyo soma orodha ya `arp -a`: ikiwa anwani ya mashine uliyoichomoa bado ina MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) mbele yake, huyo ndiye mgomvi wako. Tarakimu sita za mwanzo za MAC humtaja mtengenezaji wa kadi ya mtandao. Kama swichi yako ina ukurasa wa usimamizi, jedwali lake la MAC litakuonyesha mashine hiyo imechomekwa tundu namba ngapi.

Kwetu ilikuwa kompyuta ya mkononi ya mfanyakazi mpya. Printa ilikuwa imewekewa 192.168.1.50 kwa mkono, na ruta nayo ilikuwa ikigawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254. Kanuni za DHCP, yaani utaratibu wa kugawa anwani kiotomatiki, za mwaka 1997 zinashauri seva ipime anwani kabla ya kuitoa, na mpokeaji naye aipime kwa ARP kabla ya kuitumia, lakini printa iliyozimwa tangu Ijumaa jioni haiwezi kumjibu yeyote. Aliyewahi ofisini Jumatatu alipewa anwani yake.

Hatua ya 3: Panga upya ugawaji. Punguza eneo la DHCP, kwa mfano kuanzia .100 hadi .200, na vifaa vya kudumu uviweke chini ya .100. Mimi napendelea zaidi kuiacha printa ipokee anwani yenyewe, kisha kwenye ruta niifunge anwani hiyo kwa MAC ya printa, kwa kuwa mpangilio wote unabaki mahali pamoja.

Hatua ya 4: Safisha majina. Andika `ipconfig /flushdns` kwenye kompyuta inayouliza, na `ipconfig /registerdns` kwenye mashine yenye jina. Kosa likirudi, tazama seva. Katika Windows Server, anwani hutolewa kwa siku 8 usipobadilisha, ilhali usafishaji wa rekodi zilizochakaa huja ukiwa umezimwa, na hata ukiuwasha husubiri siku 7 mara mbili. Anwani inaweza kupata mpangaji mpya huku jina la zamani likiendelea kuidai. Washa usafishaji, na usogeze kipindi cha kutoa anwani na kile cha usafishaji vikaribiane.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepata MAC lakini hailingani na kibandiko cha kifaa chochote hapa ofisini.*
Ndugu, tazama tarakimu ya pili ya MAC hiyo. Ikiwa ni 2, 6, A au E, yaelekea ni simu inayotumia MAC ya kubuni ili kulinda faragha ya mwenyewe. Zima mpangilio huo kwenye simu, kwa mtandao wa ofisi pekee, kisha upime tena.

*Nslookup, amri ya kuuliza DNS, inanipa anwani mbili kwa jina moja. Je, ni mgongano?*
Si lazima. Kompyuta ya mkononi iliyochomekwa waya huku Wi-Fi ikiwa imewashwa huandikisha anwani zote mbili. Ni kosa pale tu moja kati ya hizo isipokuwa yake.

*Nimeweka Windows upya kwenye kompyuta, nikaipa jina lilelile, nikaiunga tena kwenye domeni (kundi la kompyuta linalosimamiwa na seva ya ofisi), lakini rekodi haibadiliki hata baada ya registerdns.*
Ikiwa akaunti ya zamani ya kompyuta hiyo ilifutwa na nyingine kuundwa, rekodi bado ni mali ya ile ya zamani, na seva inayokubali mabadiliko salama pekee haitairuhusu mpya iiguse. Futa rekodi hiyo kwa mkono kwenye seva, kisha urudie amri.