Kabla biriani ya Idi haijapakuliwa: sehemu ya paka na mbwa wa nyumbani

Ukiwa na paka au mbwa, mtengee chakula chake kabla nyama haijatiwa viungo. Siku ya Idi hapa Mombasa kila sufuria ina kitunguu, na kitunguu ndicho ninachokihofia kuliko mfupa. Kiwe kibichi, cha kukaanga au cha unga, huharibu chembe nyekundu za damu. Thomu, yaani kitunguu saumu, nayo ni vivyo hivyo. Paka hudhurika upesi kuliko mbwa. Ubaya wake ni kwamba dalili zaweza kukawia siku kadhaa: fizi hupauka, mnyama hulegea, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, na wakati huo wenye nyumba wameshasahau kile kipande cha kuku alichotupiwa barazani. Kuisuuza nyama iliyopikwa kwenye rojo hakusaidii, kwa sababu mchuzi umeshaingia ndani. Chukua mnofu ungali mweupe, uchemshe kwa maji matupu bila chumvi, utoe mifupa yote. Mfupa wa kuku ulioiva huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Samaki naye achambuliwe miiba. Wali mweupe, yai la kuchemsha, boga na karoti za kuchemsha havina neno, kwa kiasi.

Kwa wenye mbwa, angalieni tambi za sukari. Zile zabibu kavu za juu zaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Inashukiwa ni asidi ya tartariki, na asidi hiyo hiyo imo kwa wingi kwenye ukwaju. Basi bakuli la ukwaju wa viazi karai lisiachwe kwenye mkeka. Chokoleti, hasa nyeusi, na kahawa pia ni sumu. Chingamu nyingi zisizo na sukari zina zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo humshushia mbwa sukari ya damu hata ndani ya nusu saa. Mikoba ya wageni itundikwe juu. Mwenye kasuku asimpe avakado kabisa.

Maziwa si sumu, ila paka wengi wakubwa huharishwa nayo. Maji yatosha.

Waambieni watoto mapema, na wageni pia, bila haya: kwetu paka halishwi sahanini. Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu tangu wiki moja kabla, na umuulize kama atakuwepo sikukuu au nani atashika zamu. Jua uzito wa mnyama wako, maana ndilo swali atakalokuuliza kwanza, pamoja na alichokula, kiasi gani na saa ngapi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe yaweza kumuua. Mpigie daktari hata kama mnyama bado anarukaruka.