Kutalii India ukiwa bado na mshono: mambo ya kuzingatia kabla

Daktari akisema "unaendelea vizuri, tuonane tena baada ya siku kumi", mgonjwa husikia kwamba amepona. Msindikizaji yeye huanza kupiga hesabu: siku kumi za kulipia chumba, siku kumi za kutazamana na ukuta, na kwenye kundi la familia tayari kuna anayeuliza, "Taj Mahal mmeshafika?" Nilikuwa Chennai na mjomba wangu aliyefunguliwa kifua kwa ajili ya mishipa ya moyo, na swali hilo tuliulizwa kabla hata hajatolewa mipira. Kutoka Chennai hadi Delhi ni karibu saa tatu kwa ndege, kisha zaidi ya kilomita 200 za barabara mpaka Agra, mji iliko Taj Mahal. Waliokuwa wakiuliza hawakulijua hilo, na sisi tulilijua siku tuliyofungua ramani.

Simkatazi mtu kutembea. Aliyelala wiki mbili akisikiliza milio ya mashine ana haki ya kuona bahari. Ila nina kipimo kimoja ambacho siku hizi namwambia kila anayeniuliza: kabla ya miadi ya mwisho, usiende mahali ambapo huwezi kurudi siku hiyohiyo kwa daktari aliyekupasua. Homa ikipanda au mshono ukianza kutoa maji ukiwa mji mwingine, utapokelewa na watu wasiojua ulifanyiwa nini. Wataanza vipimo upya, na kabla ya vipimo wataomba amana. Baada ya miadi ya mwisho, ukiwa na karatasi zako mkononi, nchi inafunguka zaidi. Watu wengi hufanya kinyume: hutalii katikati, halafu hukimbilia nyumbani siku moja baada ya kuruhusiwa.

Ruhusa ya daktari nayo ina namna ya kuombwa. Ukimuuliza "naweza kutembea kidogo?" atasema ndiyo, maana kutembea ni sehemu ya tiba; yeye anafikiria korido, wewe unafikiria Rajasthan. Muulize vitu vinavyopimika. Nikae kwenye gari saa ngapi bila kushuka? Nipande ngazi ngapi? Nibebe kilo ngapi? Nipande ndege kuanzia tarehe gani? Mwombe ayaandike kwenye karatasi yenye muhuri, kwa sababu shirika la ndege linaweza kukudai barua ya kwamba unafaa kusafiri, na ni rahisi zaidi kuipata ukiwa umekaa mbele yake kuliko kuifuatilia usiku wa safari.

Kuhusu ndege, siku hutofautiana kwa aina ya upasuaji. Aliyetolewa mtoto wa jicho kwa kawaida anaweza kuruka baada ya siku moja. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo, siku moja au mbili. Upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua, takriban siku kumi. Baipasi ya moyo, yaani kutengenezewa njia mpya ya damu kupita mshipa ulioziba, siku kumi hadi kumi na nne kama hakuna tatizo lingine. Hicho ni kiwango cha chini, na daktari wako ana haki ya kuongeza. Kuna kundi moja ambalo nalitaja peke yake kwa sababu hatari yake haionekani: waliotengenezwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kuwekewa kiputo cha gesi ndani ya jicho. Ukipanda juu, hewa inapungua mgandamizo na kile kiputo kinatanuka, presha ya jicho inapanda, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Jambo hili haliishii kwenye ndege. Madurai, mji wenye hospitali kubwa ya macho ya Aravind iliyoanzishwa mwaka 1976, hauko mbali na Kodaikanal, mji wa vilimani ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Dereva wa teksi atakutajia Kodaikanal kwa sifa zote za baridi na maua, wala hataiona gesi iliyo jichoni mwako. Mpaka daktari aseme imeisha, vilima visubiri.

Kwa waliofunguliwa kifua, adui mkubwa ni mzigo na mtikisiko. Mfupa wa kifua huchukua kama wiki sita hadi nane kuunga, na katika muda huo mgonjwa hanyanyui sanduku, havuti begi, hajiinui kwa kusukuma mikono. Bajaji, ambazo Wahindi wenyewe wanaziita "auto", zinafaa kwa safari ya duka la dawa. Kwa safari ya saa nzima kwenye matuta, kodi gari. Mgonjwa akae kiti cha nyuma, awe na mto mdogo wa kukumbatia akitaka kukohoa au kupiga chafya. Mto huo tuliuacha chumbani siku ya kwanza. Sitasahau uso wa mjomba gari liliporuka tuta la kwanza.

Kosa letu kubwa lilikuwa T. Nagar, mtaa wa maduka wa Chennai ambao kila mwanamke wa nyumbani alikuwa ametuagiza kitu kutoka huko. Nilidhani duka si utalii. Mle ndani ya umati mtu husukumwa kwa bega na kiwiko, joto linapanda kutoka chini, hakuna pa kukaa. Baada ya dakika ishirini mjomba alikuwa ameegemea nguzo, ameshika kifua, na mimi nina mifuko mikono yote miwili. Maagizo ya nguo aende msindikizaji peke yake, mgonjwa abaki na mtu.

Sasa wapi pa kwenda? Aliye Chennai ana Mahabalipuram, kama kilomita 55 kusini, barabara nzuri ya kandokando ya bahari. Kuna mahekalu ya mawe ya wafalme wa Pallava, mojawapo limesimama ufukweni tangu karne ya 8, na mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1984. Uzuri wake kwa mgonjwa ni kwamba ule mwamba mkubwa uliochongwa tembo na watu kwa mamia uko kando ya barabara. Unashuka garini, unasimama, unaona, unarudi kukaa. Marina, ufuko wa mjini, unafaa saa kumi na mbili asubuhi. Kuoga baharini pale ni hatari hata kwa mzima.

Walioko Delhi wana bustani ya Lodhi, yenye makaburi ya kale na mabenchi mengi. Agra ni siku nzima, kwa hiyo ni ya baada ya miadi ya mwisho, na Taj Mahal hufungwa kila Ijumaa. Kuna watu waliofika na kupigia picha geti. Mkiwa Hyderabad, msiipande Charminar, jengo la kale la minara minne, ina ngazi 149 nyembamba za kuzunguka. Nendeni jumba la makumbusho la Salar Jung, ambalo nalo hufunga Ijumaa. Na mkipita mtaa unaoitwa A.C. Guards, jueni herufi hizo zinatokana na kikosi cha askari farasi wa Kiafrika waliomlinda Nizam, mtawala wa Hyderabad. Vizazi vyao, Wasidi, wako mjini humo hadi leo. Mgeni kutoka kwetu anayekodolewa macho barabarani hupata faraja kidogo akilijua hilo.

Mahekaluni viatu huvuliwa. Kwa mwenye kisukari hili si jambo dogo. Sakafu ya jiwe saa saba mchana inaunguza, na mguu uliokufa ganzi hauungui kwa taarifa. Unagundua malengelenge ukirudi chumbani. Nenda asubuhi mapema, uliza kama soksi zinaruhusiwa, na kama haziruhusiwi tazama ukiwa nje.

Kwenye chakula tunadanganywa na mazoea. Tumekua na chapati, sambusa, biriani na achari, tukaamini jiko la Kihindi tunalijua. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aambiwe mapema kwamba palak ni mchicha wao, na mboga za majani zikiongezeka ghafla zinapunguza nguvu ya dawa. Hakatazwi kula, anatakiwa asibadilishe kiasi kutoka wiki hadi wiki, na apime damu kwa tarehe aliyopewa hata akiwa matembezini. Wenye ugonjwa wa figo waulize kabla ya kunywa madafu, ambayo Chennai yamejaa kila kona: yana potasiamu nyingi. Nilimwona mtu wa Pwani akilia kwa ndani alipokatazwa. Aliyepandikizwa kiungo na anayetumia dawa za kushusha kinga ale kilichopikwa kikaletwa cha moto, aache saladi, barafu na matunda yaliyomenywa na wengine. Pani puri, kile kijiputo cha unga kinachojazwa maji yenye viungo barabarani, kiepukwe na kila mgonjwa. Tatizo ni yale maji. Maji ya kunywa yawe ya chupa, na kifuniko kikaguliwe kama kimeshafunguliwa.

Mbu wa dengue huuma mchana, hasa wakati wa mvua na baada yake. Homa yoyote kwa mtu aliyetoka kupasuliwa irudi hospitali. Usinunue dawa ya maumivu kwa kukisia, kwani baadhi huongeza kuvuja damu.

Majira nayo yaangaliwe kabla ya kukata tiketi, pale ambapo tarehe ya upasuaji inaweza kuchaguliwa. Delhi mwezi Mei inaweza kufika nyuzi 45, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Januari hewa yake hujaa moshi na ukungu, jambo baya kwa mwenye mapafu au moyo. Chennai hupata mvua zake kubwa Oktoba hadi Desemba, wakati sehemu nyingi za India zimeshakauka. Mafuriko ya Desemba 2015 yalifunga hata uwanja wa ndege.

Viza ya matibabu ya mtandaoni huruhusu wasindikizaji wawili, na siku zake 60 huhesabiwa tangu mnapoingia India mara ya kwanza. Hesabuni siku za matibabu, za kupona na za matembezi kwa pamoja, na zikionekana kutotosha, hospitali ina idara ya wagonjwa wa kimataifa inayojua njia ya kuomba nyongeza. Viza hiyo haikuruhusu kwenda maeneo yenye vibali maalumu, kwa mfano jimbo la Arunachal Pradesh. Kila hoteli inatakiwa kuripoti mgeni wa kigeni kwa uhamiaji ndani ya saa 24, ndiyo maana nyumba nyingine za bei rahisi hukataa wageni mlangoni. Ulizeni kwa simu kabla ya kufika na mgonjwa usiku. Katika simu hiyohiyo ulizeni lifti, na ulizeni choo. Aliyebadilishwa goti hawezi cha kuchuchumaa.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Anayebeba noti za kigeni zinazozidi dola 5,000 azitangaze forodhani siku ya kuingia. Laini ya simu ya India isajiliwe mapema, kwa sababu teksi za mtandaoni na malipo mengi hutuma namba ya siri kwenye simu, na laini ya nyumbani mara nyingi haiipokei.

Dawa za siku zote za matembezi, na za siku tatu zaidi, ziwe kwenye begi la mkononi. Jina halisi la kila dawa liandikwe, si la kampuni pekee, maana kidonge kilekile India kina majina lukuki. Dawa kali za maumivu kama tramadol zibebwe na cheti cha daktari, hasa mkipitia nchi za Ghuba, ambako sheria za dawa ni ngumu. Piga picha muhtasari wa matibabu ubaki kwenye simu za watu wawili. Namba za dharura ni 112, na gari la wagonjwa kwa majimbo mengi ni 108.

Kati ya matembezi ya mwisho na ndege ya kurudi acheni siku mbili tupu. Kiti cha magurudumu kiombwe kwa shirika angalau saa 48 kabla. Ndani ya ndege mgonjwa avae soksi za kubana kama daktari amekubali, akae kiti cha njiani, ainuke kila baada ya saa moja au mbili ili damu isigande miguuni.

Sisi tuliishia Mahabalipuram, mara mbili. Mara ya pili mjomba alikataa hata kuyaangalia mahekalu. Alikaa kwenye kivuli, mto wake kifuani, akauliza bei ya dafu, nikaigeuza kwa shilingi. "Hiyo hela Tanga unapata matatu," akamwambia muuzaji kwa Kiswahili, na muuzaji akamjibu kwa Kitamil, wakaendelea hivyo karibu nusu saa.