Bomba likipiga shoti, mtazame shawa na athi

Wenye nyumba za zamani huku Mbeya na Iringa, ukishika bomba ukahisi umeme unatekenya, tafadhali usizoee, hasa kama kuna watoto. Zima meni swichi, ita fundi. Apime kwa mita kati ya bomba na nondo iliyochomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi. Kisha awashe breka moja moja aone volti zinapanda kwa ipi. Kwa baridi yetu hii, mshukiwa wa kwanza ni shawa ya umeme: koili ikipasuka, umeme unapita kwenye maji.

Ila athi, yaani njia ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, ndiyo chanzo hasa. Baadhi ya nyumba za zamani zilitegemea bomba la chuma kuwa athi. Ukibadilisha kipande kimoja tu kwa plastiki, njia ya kwenda ardhini imekatika, na chuma kilichobaki ndani kinaweza kukaa na umeme. Kiangazi nacho hukausha udongo, athi inadhoofika. Wekeni nondo ya athi inayofaa, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30.

Meni imezimwa na volti bado zipo? Huenda umeme unaingia kutoka nje ya nyumba. Waiteni TANESCO, bomba lisiguswe.