Mrithi si msimamizi: mirathi ya familia nchini Uganda, hatua kwa hatua

Mzee akishazikwa na matanga yakiisha, swali la kwanza ninalolisikia hapa Busia ni "mrithi ni nani?" Kwa Baganda, siku ya kumaliza olumbe, yaani kufunga msiba, omusika (mrithi wa kimila) huvishwa lubugo, kitambaa cha gome la mti, na kushikishwa mkuki mbele ya ukoo. Makabila mengine nayo yana namna yao. Ni jambo la heshima na silipingi. Lakini kama hakuna wosia, sheria inampa mrithi wa kimila asilimia 1 tu ya mali, na ule mkuki haumpi ruhusa ya kuuza hata mbuzi. Mwenye ruhusa ni msimamizi wa mirathi, yaani yule aliyepewa hati na mahakama. Ugomvi mwingi wa ardhi unaoletwa mezani kwangu ulianza siku familia ilipomwona mrithi ikadhani imemwona msimamizi.

Hatua ya 1: Andika wosia ukiwa mzima

Tangu sheria ya mirathi irekebishwe mwaka 2022, mtu akifikisha miaka 18 anaweza kuandika wosia. Si lazima uwe na wakili. Andika kwa mkono wako ukitaka, kisha utie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao mbele yako. Ningekushauri kila mmoja aandike jina lake kamili, kijiji chake na namba ya simu, na wote mtie sahihi kwenye kila ukurasa, maana karatasi ya katikati ndiyo huwa inabadilishwa.

Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wa mtu huyo. Mama akimwita binti yake ashuhudie, wosia utasimama, ila fungu la binti litaanguka.

Taja mali moja moja na mahali ilipo: kibanja, ploti, ng'ombe, hisa za SACCO, akaunti ya benki, pesa za kwenye simu. Andika pia madeni, unayodai na unayodaiwa. Taja watoto wako wote kwa majina, hata yule ambaye nyumbani hajulikani. Kisheria ni mtoto kama wengine, na afadhali familia imjue kwenye wosia kuliko imwone kwa mara ya kwanza kaburini. Kisha chagua msimamizi, umwombe kabla hujaliandika jina lake.

Kuna jambo hapa linaloniuma kila mara. Wako wanawake waliokaa na mwanamume miaka 20, wakalima naye na kujenga naye, bila ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya serikali wala ya kimila. Mwanamume akifa bila wosia, sheria haimhesabu huyo mama kuwa mjane. Watoto wake watapata, yeye hana fungu la mke. Baba, kama unaishi hivyo, funga ndoa. Kama bado, basi mtaje kwenye wosia wiki hii. Na ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, uandike upya.

Hatua ya 2: Cheti cha kifo

Chukua barua kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na karatasi ya hospitali kama alifia huko, upeleke NIRA, ofisi ya serikali ya usajili wa watu. Karatasi ya hospitali peke yake haitoshi.

Hatua ya 3: Lindeni mali, msigawane

Kabla ya hati ya mahakama, kugusa mali ya marehemu kama yako ni kosa. Yanayoruhusiwa ni machache: kumzika, kulisha na kutunza familia yake, na kuilinda mali isiharibike. Mahindi yaliyokauka shambani yavuneni. Shamba lenyewe msiliuze.

Mjane na watoto wasitolewe kwenye nyumba ya familia. Anayewafukuza anatenda kosa la jinai, hata akiwa kaka mkubwa wa marehemu. Hilo likitokea, msingoje kikao cha ukoo. Nendeni kwa LC1 na polisi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Ofisi ya Administrator General (ofisi ya serikali ya mirathi)

Kama wosia upo na umemtaja msimamizi, huyo anaruka hatua hii na kwenda mahakamani kuomba wosia uthibitishwe. Kama haupo, familia inaripoti kifo kwenye ofisi hii, Kampala au kwenye tawi lililo karibu. Bebeni cheti cha kifo, barua ya LC1, vitambulisho, na orodha ya mali na ya wanaofaidika. Ofisi huita kikao cha familia kukubaliana nani atasimamia, kisha hutoa cheti cha kutopinga. Mpeni kazi mtu mwaminifu anayeweza kuandika hesabu. Si lazima awe mrithi, na mjane anafaa sana. Wakiwa wawili, mmoja humwangalia mwenzake.

Hatua ya 5: Mahakama

Thamani ya mali ndiyo huamua kama mtakwenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Tangazo la ombi hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 14. Bila pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi.

Familia za Kiislamu mara nyingi humwita shehe apige hesabu ya faraidhi. Ni vizuri mkikubaliana, ila hesabu ya shehe haibadilishi jina kwenye hati ya ardhi. Hati ya mahakama bado mtaihitaji.

Hatua ya 6: Kugawa

Nyumba ya familia iwekeni kando, maana inabaki makazi ya mjane na watoto. Kwa mali nyingine, pale marehemu asipoacha wosia na makundi yote yakiwepo, mjane hupata asilimia 20, watoto 75, jamaa waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila ile 1. Mali ya shilingi milioni 100 ina maana milioni 75 kwa watoto wote kwa usawa, wasichana kwa wavulana. Wajane wakiwa zaidi ya mmoja, ile 20 ni yao wote.

Msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6, na hesabu kamili ndani ya mwaka 1. Hati yenyewe hudumu miaka 2, ikiisha aombe kuongezewa muda. Akitaka kuuza chochote, apate kwanza kibali cha mjane na watoto. Kipateni kwa maandishi.

Kwa sisi wa mpakani: ploti iliyo upande wa Kenya inafuata sheria ya Kenya. Hati ya Uganda haifanyi kazi huko mpaka mahakama ya Kenya iigonge muhuri wake, kwa hiyo ombeni nakala zilizothibitishwa mkiwa bado kwenye dirisha la mahakama.