SOMO: Jinsi ya kufanya sachi ya shamba Kiambu kabla hujatoa hata shilingi

Wadau, nimechoka. Kila wiki inboksi yangu ina swali lile lile: "Nimepata ploti Juja, nitajuaje kama ni safi?" Naandika hapa mara moja: unajua kwa sachi, yaani kumwomba msajili wa ardhi akuonyeshe daftari lake linasema nini kuhusu shamba hilo. Atakayeniuliza tena pembeni nitamtumia kiungo cha uzi huu, na asikasirike.

Naizungumzia Kiambu kwa sababu ndiko ninakokujua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735, kaunti ya pili baada ya Nairobi, na kila aliyechoka kulipa kodi ya nyumba Nairobi anatafuta ploti Ruiru, Juja, Thika, Kikuyu au Ruaka. Mashamba makubwa yamekatwa vipande mamia kwa mamia, kila kipande na nambari yake. Nafasi ya kuchanganywa ni kubwa, na mabroka wanalijua hilo kuliko wewe.

Hatua ya 1. Mwombe muuzaji nakala ya hati miliki na ya kitambulisho chake. Akianza visingizio, achana naye.

Hatua ya 2. Nakili nambari ya hati. Inaonekana kazi ya mtoto, na ndiyo inayowaangusha watu wazima. Nambari ina eneo la usajili, mara nyingi bloku, halafu nambari ya kipande chenyewe. Kwa mfano, inaanza Ruiru/Ruiru East Block 2, kisha tarakimu. Ukiandika West mahali pa East, hakuna atakayekuambia umekosea. Utaletewa shamba la mtu mwingine kabisa, lenye mwenyewe halali na lisilo na deni, nawe utarudi nyumbani ukishangilia.

Angalia sana haya. Hati iliyoandikwa Ruiru/Kiu Block 2 (Githunguri) haiko Githunguri ile ya maziwa. Iko upande wa Ruiru. Hati inayoanza Dagoretti/Kinoo ni ya Kiambu ingawa jina la Dagoretti linakupeleka Nairobi. Na ukiambiwa "tumia nambari ya mama, hizi ndogo bado zinatoka", simama hapo hapo. Shamba likishagawanywa, nambari ya mama hufungwa na vipande hupata nambari mpya. Kama kipande chako hakina nambari yake, bado hakuna hati ya kukichunguza, na unachouziwa ni ahadi.

Hatua ya 3. Jua daftari liko ofisi gani, kwa mfano Kiambu, Thika au Ruiru. Hati ya zamani ya Ruiru inaweza kuwa na muhuri wa Thika ilhali faili lake leo liko Ruiru. Uliza kabla hujapanga foleni.

Hatua ya 4. Omba sachi. Kama rekodi za eneo lako zimeshaingia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, fungua akaunti huko uombe. Kama bado, nenda dirishani na fomu iliyojazwa, nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA (nambari ya kodi). Malipo ya serikali yanapitia paybill 222222. Anayekwambia "nitumie kwenye namba yangu nikuharakishie" hakuharakishii wewe.

Hatua ya 5. Soma jibu, usitazame muhuri tu. Jina lifanane na la kitambulisho. Angalia kama ni milki ya kudumu au ya kukodi, na kama ni ya kukodi imebaki miaka mingapi. Angalia ukubwa, ambao huandikwa kwa hekta. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu hekta 0.046, ilhali thumuni kamili ya ekari ni karibu hekta 0.05. Broka atakwambia ni kitu kimoja. Kisha soma sehemu ya mizigo: rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na mtu anayedai haki, zuio la mahakama, kizuizi cha msajili. Kimoja tu kikiwepo, pesa inabaki mfukoni mpaka kiondolewe na wewe ufanye sachi nyingine.

Hatua ya 6. Omba nakala ya kadi ya kijani, yaani kadi ya daftari yenye historia ya shamba. Hii ndiyo sababu ya mimi kuandika uzi mzima. Sachi inakwambia daftari linasema nini leo. Haikwambii limefikaje hapo. Kadi ya kijani ina sehemu tatu: A ni maelezo ya shamba, B ni wamiliki wote kwa mpangilio na tarehe, C ni mizigo iliyowahi kuwekwa na kuondolewa. Soma B polepole kwa kidole. Mzee aliyemiliki tangu miaka ya sabini, kisha wamiliki watatu ndani ya miezi minne? Kuna mtu anaikimbiza hiyo hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ilisema wazi kwamba kama hati ilianza kwa njia isiyo halali, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati hiyo, hata kama alilipa. Kwa hiyo "lakini sachi ilikuwa safi" si utetezi wa kuutegemea.

Hatua ya 7. Nunua ramani ya eneo Survey of Kenya, Ruaraka, kisha nenda shambani na mpima mwenye leseni. Ramani hii inaonyesha mipaka kwa makadirio, kwa hiyo usibishane na jirani kwa rula.

Hatua ya 8. Tafuta nambari ya hati kwenye Gazeti Rasmi na kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni bure. Huko utakuta matangazo ya hati zilizopotea, ya mirathi, na hukumu, zikiwemo za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Thika.

Maswali sasa.

Kamau_Juu: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Kwa ufupi ni pesa ngapi na siku ngapi?

Jibu: Kiasi utakiona kwenye ukurasa wa malipo kabla hujabonyeza. Siku zinategemea ofisi na faili. Kama huna dakika tano za kusoma, tafadhali usinunue shamba mwaka huu.

DeniLangu: Kuna jamaa ananidai, samahani, mimi ndiye ninayemdai. Nina jina lake tu. Nataka orodha ya mashamba yake yote Kiambu.

Jibu: Sachi hufanywa kwa nambari ya shamba, si kwa jina la mtu. Nenda kwa wakili, ufungue kesi ya deni.

Mama_Doha: Shikamoo mwalimu. Niko Qatar. Broka amenitumia sachi kwa PDF, ina muhuri na tarehe ya wiki tatu zilizopita. Nimtume ndugu yangu aende tena au hii inatosha?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, PDF ya muuzaji ni karatasi ya muuzaji, na muhuri siku hizi hutengenezwa kwa simu. Pili, hata kama ni ya kweli, inasema habari za wiki tatu nyuma, na rehani inaweza kuandikishwa siku yoyote. Mtume ndugu aombe sachi kwa jina lake, risiti ya malipo itoke kwenye simu yake, akupigie picha ya sachi pamoja na risiti. Siku ya kulipa sehemu ya mwisho afanye nyingine. Na umtume ndugu ambaye hapati kamisheni kwa broka. Ninayo sababu ya kuongeza hilo.

WakiliMtarajiwa: Unawatisha watu bure. Wakili wangu alifanya sachi moja tu na nimejenga, sina shida.

Jibu: Hongera kwa nyumba. Wapo pia wanaovuka Thika Road bila kutumia daraja na wanafika.

Njeri_wa_Gatundu: Kwenye sehemu B mwenye shamba wa mwisho ni marehemu babu ya muuzaji. Wajukuu wote wamekubali kuuza na chifu ameandika barua. Tunaweza kuendelea?

Jibu: Asante kwa kusoma mpaka B! Barua ya chifu husaidia kufungua mirathi, haiuzi shamba. Sheria ya Urithi, kifungu cha 82, inakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mirathi. Kwa kawaida uthibitisho hausikizwi kabla ya miezi sita tangu msimamizi ateuliwe. Omba nambari ya kesi ya mirathi, tafuta tangazo lake kwenye Gazeti, ambalo huwapa watu siku 30 za kupinga. Kisha soma hati ya uthibitisho uone kama hicho kipande kimo na kimepewa nani. Mjukuu mmoja au mke wa pili aliyeachwa nje ya orodha anaweza kukurudisha mahakamani miaka kumi baadaye.

Ploti_Juja: Mimi nina cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi na karatasi ya kura ya kugawiwa ploti. Hiyo nayo inafanyiwa sachi?

Jibu: Kwa msajili wa ardhi, hapana, cheti cha hisa hakimo kwenye daftari. Thibitisha kwenye rejista ya wanachama ya kampuni, na uchunguze hati ya mama. Pia omba CR12 ya kampuni (orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa) kupitia eCitizen uone wakurugenzi ni akina nani leo. Zipo kampuni zenye makundi mawili ya viongozi, kila moja likiuza.

Binti_Ruaka: Nikinyimwa kadi ya kijani dirishani? Niliambiwa "hiyo ni ya ndani".

Jibu: Omba kwa maandishi, ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikikataa, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Baki na nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi karani akiona unadai huo muhuri, kadi inapatikana.

Binti_Ruaka: Asante. Na kwenye Gazeti nimetafuta nambari yangu, sikupata kitu. Ni habari njema?

Jibu: Bado. Jaribu bila mikwaju (alama hii: /), ukiacha nafasi tu, kisha jaribu kwa tarakimu za mwisho pamoja na neno Ruiru au Kiambu. Matangazo huandika nambari moja kwa namna mbili tatu, na matoleo ya zamani yalichanganuliwa kutoka karatasi, kwa hiyo 1 wakati mwingine husomeka kama herufi l.