Malewa: yaloweke usiku kucha

Kama kwenu wiki nzima ni posho (ugali) na maharage, safari hii ulizia malewa sokoni. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi. Mbale huyakosi, na Kampala nako utayapata ukiulizia. Yakiwa makavu yanafanana na kuni za kuwashia sigiri, ndiyo maana wengi huyapita.

Mara ya kwanza niliyaloweka nusu saa tu. Mume wangu akatafuna, akatafuna, mwisho akauliza kama leo tumepikiwa mkeka. Basi, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji ya kahawia, osha, kisha chemsha mpaka ukibonyeza kwa kidole yaachie. Magadi kidogo yanasaidia kulainisha, ila yakizidi mchuzi unanuka sabuni. Katakata vipande vidogo. Sehemu ya chini inayokataa kulainika itupe bila huruma.

Karanga za kusaga zikoroge kwanza na maji ya vuguvugu pembeni, zisifanye madonge, ndipo uzimimine kwenye malewa. Punguza mkaa, koroga taratibu mpaka uone mafuta yanaanza kuelea juu. Chumvi mwishoni. Wapo wanaotia nyanya na kitunguu, mimi sitii, maana ule moshi wenyewe ndio kiungo. Kula na matoke ya moto. Kwa wali sijayapenda.